Joe Torre wa Yankees: alishinda kwa fedha za klabu au kwa namna alivyoishi na wachezaji?

Mzazi wa Ohio

Ndugu wanajukwaa, habari za leo. Tangu kijana wangu aanze kucheza besiboli shuleni huku Marekani nimekuwa nikifuatilia historia ya mchezo huu, na kuna jambo halijaniingia vizuri kuhusu Joe Torre, aliyekuwa kocha mkuu wa New York Yankees kuanzia msimu wa 1996 hadi 2007. Kabla ya hapo alikwishazifundisha Mets, Braves na Cardinals, na zote tatu zilimfukuza. Jumla ya michezo aliyocheza na aliyofundisha ilipita 4,000 bila yeye kukanyaga fainali ya World Series hata mara moja. Alipotangazwa mwishoni mwa 1995, gazeti moja la jijini humo lilimkejeli kuwa ni mtu asiyejua lolote. Lakini ilipofika 2000 alikuwa na mataji manne, ya 1996, 1998, 1999 na 2000. Je, kocha hubadilika kiasi hicho, au tumpe sifa mmiliki George Steinbrenner na mfuko wake? Nauliza pia kwa sababu Torre anapoeleza maisha yake ya ukocha, mazungumzo hayachukui muda kabla ya kufika kwenye familia yake, nami sielewi mambo ya nyumbani yanahusianaje na kushinda mechi.

Mpiga Hesabu

Fedha zilikuwepo, tusidanganyane. Hata hivyo Steinbrenner alikuwa nazo pia miaka ya 1980, akabadilisha makocha mfululizo, na klabu haikutwaa taji lolote kati ya 1978 na 1996. Kwa maoni yangu, Torre alikuwa na bahati ya kufika wakati vijana waliolelewa na klabu yenyewe, yaani Bernie Williams, Andy Pettitte, Mariano Rivera, Jorge Posada na Derek Jeter, walikuwa wameiva au wanakaribia kuiva. Baada ya 2000 klabu ilinunua majina makubwa zaidi, yeye yuleyule akiwa kwenye benchi la ufundi, na taji halikupatikana tena mikononi mwake. Mwaka 2004 waliongoza 3–0 dhidi ya Boston Red Sox katika nusu fainali, wakapoteza michezo minne iliyofuata. Kama siri ilikuwa ni upole wa kocha, upole huo ulikwenda wapi siku zile?

Bi. Mstaafu

Ndugu Mpiga Hesabu, hoja yako ina uzito, ila swali la mwenzetu kuhusu familia umeliruka. Baba yake Torre alikuwa askari mpelelezi wa polisi mjini New York, na nyumbani kwao Brooklyn alimtesa mama yao. Torre amesimulia hadharani kwamba alipokuwa mtoto, akiona gari la baba limeegeshwa nje ya nyumba, aligeuza njia akaenda kwa rafiki. Mtoto aliyekua akisoma dalili za hasira namna hiyo, akija kuwa bosi wa watu, ama atairithi ile sauti ya baba au ataikwepa maisha yake yote. Torre aliikwepa. Mwaka 1996 Jeter, akiwa bado chipukizi, alijaribu kuiba kituo cha tatu, yaani kukikimbilia bila kungoja mwenzake apige mpira, wakati usiofaa kabisa, akatolewa. Torre alipanga asimsemeshe hadi kesho yake, lakini kijana alikuja mwenyewe akaketi kati yake na msaidizi wake Don Zimmer, asubiri kukaripiwa. Torre alimpiga kibao chepesi kisogoni, akamwambia aondoke, na yakaisha.

Msimu huohuo kaka yake Rocco alifariki mwezi Juni, na kaka mwingine, Frank, bingwa wa 1957 akiwa na Milwaukee Braves, alipandikizwa moyo tarehe 25 Oktoba. Kesho yake Yankees wakachukua taji.

Mzazi wa Ohio

Ahsante Bi. Mstaafu. Lakini nimesoma kuwa mwaka 1999 Paul O'Neill alicheza mchezo wa nne wa fainali siku ileile aliyofiwa na baba yake. Kwetu jambo hilo lingeonekana kama kocha kuweka kombe mbele ya msiba.

Bi. Mstaafu

Fainali hiyohiyo Luis Sojo naye alifiwa na baba, akaenda kwao Venezuela kuzika, akarudi baadaye. Kila mmoja aliubeba msiba wake kwa namna yake na wote walikuwa na nafasi kikosini. Ushindi ulipokamilika O'Neill alilia uwanjani mikononi mwa Torre, ambaye mwenyewe alikuwa ametibiwa saratani ya tezi dume mwaka huohuo.

Mpiga Hesabu

Hapo nakubali kidogo, na niongeze la kwangu. Misimu yote 12 Torre aliifikisha timu kwenye hatua ya mtoano, na Oktoba 2007 klabu ikampa mkataba wa mwaka mmoja wenye mshahara uliopunguzwa, pamoja na bonasi za kila hatua ambayo timu ingevuka. Aliukataa. Mtu aliyeishi na wachezaji bila kuwatishia riziki yao asingeweza kukubali kupimwa hivyo, na msimu uliofuata alikuwa Los Angeles akiifundisha Dodgers.