Mjadala: Tunanywea kikombe cha agano jipya, mbona zaka tunadaiwa kwa agano la kale?

Mama Omena, Kibuye

Jumapili ya kwanza ya mwezi tunashiriki Meza ya Bwana. Mchungaji anainua kikombe, anasoma Luka 22:20: "Kikombe hiki ni agano jipya katika damu yangu." Vikombe havijakusanywa vyote, mweka hazina ameshasimama na daftari, tumehamia Malaki 3. Mnaniibia zaka na dhabihu. Kisha majina: fulani amemaliza, fulani amebakiza.

Mwezi wa tano nilisomwa kati ya waliobakiza. Mwezi wa tano jamani! Uvuvi wa omena, hawa dagaa ninaouza, hufungwa Aprili hadi mwisho wa Julai, na kila anayekula ugali wa Ziwa Victoria hili anajua. Nilikuwa nahangaika na deni la magunia, faida ningeitoa wapi?

Kutoa sikatai. Kudaiwa ndiko nauliza. Yeremia 31 anasema Mungu atafanya agano jipya na nyumba ya Israeli na nyumba ya Yuda, si kama lile la walipotoka Misri, kwa sababu lile walilivunja. Sheria ataiandika mioyoni mwao. Waebrania 8 inayarudia maneno hayo karibu yote, halafu mstari wa 13 unaliita lile la kwanza kuukuu. Sasa sheria iliyoandikwa moyoni, daftari la mweka hazina ni la nini?

Tena someni hiyo zaka yenyewe. Hesabu 18 inawapa Walawi kwa sababu hawakugawiwa shamba. Kumbukumbu la Torati 14 inasema kila mwaka wa tatu iwekwe malangoni, wale Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Wale washibe! Mjane wa Musa alikula zaka. Mimi, mjane wa Kibuye, nasomwa jina.

Mlokole wa Nyalenda

Dada, pole kwa kusomwa, lakini unachanganya mambo. Abrahamu alimpa Melkizedeki fungu la kumi, Mwanzo 14, Musa hajazaliwa. Waebrania hiyo hiyo unayoishika, sura ya 7, inalitaja. Na Yesu aliwaambia Mafarisayo waliotoa zaka za mnanaa, bizari na jira kwamba wasiache hayo, ila wasisahau adili, rehema na imani. Mimi niko kwenye kamati. Stima ya kanisa hailipwi kwa mioyo.

Boda wa Kondele

Mwenye pikipiki anataka yake kila jioni, petroli inataka yake, askari naye. Mungu wangu yuko kwenye foleni, na ni mvumilivu kuliko hao wote.

Mwalimu, Mbale

Mlokole, Abrahamu alitoa nyara za vita, na mara hiyo tu ndiyo tunayosoma. Mafarisayo nao waliambiwa hayo hekalu likiwa bado limesimama. Baraza la Yerusalemu, Matendo 15, liliwaandikia watu wa mataifa mambo manne tu: vilivyotolewa kwa sanamu, damu, nyama ya kusongolewa, uasherati. Zaka haimo.

Lakini Mama Omena nawe tulia kidogo. Huku kwetu Vihiga, ukisema ya kale yamepita, umegusa wengi. Ndugu zetu wa African Israel Nineveh Church wanavua viatu wakiingia kuabudu, na nguruwe hawagusi. Watakuuliza: Amri Kumi nazo zimepita? Yeremia hakusema sheria inafutwa. Alisema inahama, itoke kwenye mawe iingie moyoni. Na kilichohama bado kipo. Hapo ndipo mimi mwenyewe nakwama, miaka nenda miaka rudi.

Msabato, Kisii

Sisi hatusemi kulipa zaka, tunasema kurudisha, maana si yetu. Bahasha inafungwa na kwetu hakuna jina linalosomwa. Na Kumbukumbu 14:22 inasema "maongeo". Mtaji si maongeo, mama. Ukinunua gunia kwa mkopo, hesabu kilichozidi baada ya kulipa deni. Kisipozidi kitu, huna zaka ya kurudisha.

Mama Omena, Kibuye

Hilo la maongeo sijawahi kulisikia kwenye mimbari yetu, asante. Mwalimu, umenishika pabaya. Kama imehamia moyoni, basi labda nadaiwa zaidi ya kumi, maana Paulo anasema 2 Wakorintho 9:7 kila mtu atende alivyokusudia moyoni mwake, "si kwa huzuni, wala si kwa lazima". Moyo hauna kipimo cha gorogoro.

Agosti ziwa likifunguliwa nitatoa. Ila Mlokole, umepita Kumbukumbu 14 kama hukuiona. Wewe uko kwenye kamati: katika kanisa lenu, mwaka wa tatu ni upi?