Naomba ushauri: jeni za kimelea cha ndigana kali zisizojulikana kazi yake, niendelee na akili mnemba au nirudi kwenye BLAST?

Kipepeo_wa_Data:

Wakuu, heshima kwenu. Nipo mwaka wa pili wa uzamili, na tasnifu yangu inahusu Theileria parva, kimelea kinacholeta ndigana kali kwa ng'ombe. Hela ya majaribio ya maabara hakuna, kwa hiyo msimamizi kanipa orodha ya jeni kama mia mbili ambazo kwenye kanzidata zimeandikwa tu "protini ya kudhaniwa", akasema tabiri kazi zake kwa kompyuta. Basi, hakuongeza neno.

Zote nimeshazipitisha BLAST, ile programu ya kulinganisha mfuatano wa protini na zilizomo kwenye kanzidata. Nyingi zinarudi na jibu lile lile: inafanana na protini ya kudhaniwa ya Theileria annulata, au ya Babesia. Kipofu anamwongoza kipofu. Nikaona nifundishe modeli yangu ya akili mnemba kwa protini zote za vimelea wa kundi hili ambazo tayari zina maneno ya Gene Ontology, yaani msamiati sanifu wa kueleza kazi za jeni. Imetoa usahihi wa asilimia 91. Msimamizi kafurahi, ila jamaa yangu mmoja aliyebobea kwenye mambo haya kaguna tu na hajaniambia kwa nini.

Nina pia data ya RNA ya sampuli sita kutoka seli za ng'ombe zilizoambukizwa. Laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na bando nanunua mwenyewe. Nifanyeje?

Chatu88:

Jamaa yako kagunia hiyo 91. Data ya kufundishia na ya kupimia uliigawaje? Kama ni kwa kubahatisha, protini ndugu zimeangukia pande zote mbili, na modeli imejifunza kutambua ukoo tu. Kazi hiyo BLAST inaifanya bure. Zikusanye kwanza kwa MMseqs2, programu ya kupanga protini kwa mfanano, zile zinazofanana kwa asilimia 30 kwenda juu zikae kundi moja, kisha ugawe makundi mazima mazima, usigawe protini moja moja. Utaona namba inavyoporomoka.

Halafu angalia lebo ulizofundishia. Kila neno la Gene Ontology huja na alama ya ushahidi. IEA maana yake imewekwa na mashine, hakuna mtu aliyeipitia. IDA na IMP zimetoka kwenye majaribio. Kwa Theileria utakuta IEA zimejaa tele, na nyingi zimechukuliwa moja kwa moja kutoka InterPro, kanzidata ya familia za protini. Kwa hiyo modeli yako imefundishwa kuiga InterPro. Si uendeshe InterProScan, programu yao wenyewe, ulale?

Kuna mashindano yanaitwa CAFA, yalianza 2010. Washiriki wanatuma ubashiri wao, mlango unafungwa, watu wanasubiri miezi kadhaa mpaka majaribio mapya yajikusanye, ndipo ubashiri unapimwa kwa majibu ambayo hakuna aliyekuwa nayo. Nawe pima hivyo: fundisha kwa yaliyojulikana hadi mwaka fulani, pima kwa yaliyothibitishwa baadaye. Theileria haina majaribio ya kutosha kwa hilo, tumia nduguze wa mbali, Plasmodium (kimelea cha malaria) na Toxoplasma.

Kitunguu_Maji:

Nakubaliana na Chatu88, ila mnakimbilia mbele. Mimi nauliza: hizo jeni zenyewe una uhakika zimechorwa sawasawa? Jenomu ya 2005 ilichorwa mipaka ya jeni kwa programu kwa kiasi kikubwa, data ya RNA ilikuwa haba. Mwaka 2020 ikarudiwa kwa kutumia RNA, na asilimia 53 ya protini zikarekebishwa. Zaidi ya nusu! Kuna eksoni (vipande vya jeni vinavyobaki kwenye RNA iliyokamilika) zilizokuwa zimeachwa na mianzo ya jeni iliyokosewa. Kama orodha ya msimamizi imetoka kwenye toleo la zamani, unaweza kuhangaika mwezi mzima na protini ambayo kimelea hakijawahi kuitengeneza. Hizo sampuli zako sita zipange juu ya jenomu, fungua IGV, programu ya kuonyesha data juu ya jenomu, uangalie jeni moja baada ya nyingine kwa macho. Ndiyo, zote mia mbili. Kazi ya wiki moja na chai.

Na kwa kuwa hizo RNA zimetoka ndani ya seli za ng'ombe, zipange kwenye jenomu ya ng'ombe na ya kimelea kwa pamoja, usije ukakihesabia kimelea vipande vya ng'ombe.

Mama_Ndama:

Samahanini wataalamu, mimi ni daktari wa mifugo huku kijijini, siyo mtu wa kompyuta. Ndama akija kwangu tezi za chini ya sikio zimevimba, homa imepanda na anahema kwa shida, namchoma buparvakwoni. Nikimuwahi anapona. Nikichelewa, mwenye ng'ombe analipia dawa na ndama anakufa. Sasa hii kutabiri jeni mtu anakaa kwenye laptopu, mimi inanifikiaje?

Kitunguu_Maji:

Daktari, mfano upo na unahusu dawa hiyo hiyo. Theileria annulata, nduguye huyu wa kwetu, anayesumbua Afrika Kaskazini na Asia, anatoa protini inayoitwa TaPin1. Watafiti walianza na kompyuta: ni protini zipi za kimelea zina alama ya kutolewa nje, na zinafanana na kitu kinachojulikana kwenye saratani? Maana kimelea hiki kinaigeuza chembe nyeupe ya ng'ombe iwe kama ya saratani, igawanyike bila kukoma. TaPin1 ikajitokeza. Ndipo maabara ikaingia, ikaonyesha inavyochezea mfumo wa seli ya ng'ombe, na kwamba vimelea sugu kwa buparvakwoni vilikuwa na badiliko kwenye jeni hiyo. Ilichapishwa 2015. Kompyuta haikuthibitisha kitu pale, ilisema chimbeni hapa. Siku dawa yako itakapokataa kufanya kazi, utafutaji wa nyingine utaanzia kwenye orodha kama ya huyu kijana.

Mama_Ndama:

Hapo nimekuelewa. Kijana kaza.

Kipepeo_wa_Data:

Asanteni sana. Chatu88, nimegawa upya kwa makundi, imeshuka hadi 58. Sijamwambia msimamizi bado 😅

Kitunguu_Maji, hiyo ya TaPin1 imenifungua macho. Ina maana nitafute zenye alama ya kutolewa nje kwanza? Na je, ile njia ya jeni zinazopanda na kushuka pamoja, kwamba zina kazi moja, naweza kuitumia kwa sampuli zangu?

Chatu88:

Kwa sampuli sita, sahau. Waliotengeneza WGCNA, programu ya njia hiyo, wenyewe wanashauri sampuli zisipungue 15, na kama sita zako zote ni za hatua moja ya kimelea kwenye aina moja ya seli, kila kitu kitaonekana kinapanda pamoja na kila kitu. Zitumie kwa kile alichosema Kitunguu, kuhakiki mipaka ya jeni.

58 ya makundi ni namba ya heshima kuliko 91 ya kubahatisha. Mwambie hivyo hivyo. Ila weka na ya BLAST kando kwa kipimo kile kile. Kama BLAST inapata 55, modeli yako imeongeza 3, na msomaji ana haki ya kuliona hilo.

Kitunguu_Maji:

Ndiyo, anza na zinazotolewa nje, na sababu ni ya kibiolojia kabisa. Plasmodium akiwa ndani ya chembe nyekundu anakaa kwenye kifuko. Theileria katika hatua ya skizonti, ile anayoishi ndani ya chembe nyeupe, hana kifuko, yuko wazi ndani ya maji ya seli ya ng'ombe. Kwa hiyo protini yenye peptidi ishara mwanzoni (ndiyo hiyo alama ya kutolewa nje), isiyo na sehemu ya kupita kwenye utando, ikitoka nje ya kimelea imeshaingia ndani ya ng'ombe. Programu ya SignalP itakuonyesha hiyo ishara, DeepTMHMM hiyo sehemu ya utando. Zenye ishara ya kuingia kwenye kiini cha seli zipe uzito zaidi. Mia mbili zitapungua zibaki chache, hizo ndizo uzichunguze kwa undani.

Kisha tafuta jeni ndugu zake kwenye Plasmodium na Toxoplasma kwa programu ya OrthoFinder. Wale wamejaribiwa kwa jumla: Toxoplasma kwa CRISPR (mbinu ya kukata jeni) mwaka 2016, Plasmodium falciparum kwa kuharibu jeni karibu zote mwaka 2018, ambapo 2,680 zilionekana za lazima kwa uhai ndani ya damu. Jeni yako ikiwa na ndugu wa lazima kule, hujajua inafanya nini lakini unajua ina umuhimu. Ila mpangilio wa jeni kwenye kromosomu usiutegemee ukilinganisha na Plasmodium, umevurugika mno.

Foldi_Mtaani:

Nashangaa hakuna aliyetaja umbo. Mfuatano wa asidi amino unabadilika haraka, umbo linadumu. Ndiyo maana BLAST inakaa kimya. AlphaFold, akili mnemba inayotabiri umbo la protini, tangu 2022 imeweka maumbo zaidi ya milioni 200 bure. Chukua umbo la protini yako, lipeleke tovuti ya Foldseek, itafute yenye umbo linalofanana. Inaendeshwa kwao, laptopu yako haichoki. Kaka achana na mengine yote.

Chatu88:

"Achana na mengine yote" ndiyo inayoharibu tasnifu za watu. Maumbo ya AlphaFold yametoka kwenye mfuatano ulioko kanzidata ya protini ya UniProt. Kama jeni ilichorwa vibaya, umbo nalo ni la protini isiyokuwepo. Zile zilizorekebishwa atahitaji kuzitabiria umbo upya kwa ColabFold. Na aangalie pLDDT, alama ya 0 hadi 100 ya uhakika wa umbo, chini ya 50 ile siyo umbo, ni tambi.

Kitunguu_Maji:

Hata umbo likiwa sahihi, kazi yaweza kuwa nyingine. Mfano wa maziwa, Daktari ataupenda: alfa-laktalbumini ya ng'ombe na lisozimu ya yai la kuku zina umbo moja na zinafanana asidi amino kama asilimia 40. Lisozimu inabomoa ukuta wa bakteria. Alfa-laktalbumini haibomoi chochote, inasaidia kutengeneza sukari ya maziwa. Ile glutamati ya nafasi ya 35, inayofanya ubomoaji kwenye lisozimu, kwenye mwenzake haipo. BLAST ingekwambia ni ndugu, Foldseek ingekwambia ni mapacha, na zote zingekuwa kweli. Kwa hiyo ukipata mfanano, panga mifuatano sambamba uangalie zile asidi amino chache zinazofanya kazi. Zipo? Endelea. Hazipo? Andika umbo, usiandike kazi.

Kipepeo_wa_Data:

Nimejaribu kwa moja. Urefu asidi amino 240 hivi, mipaka yake imekubaliana na RNA, peptidi ishara ipo, ya kupita utando haipo. InterProScan kimya kabisa. pLDDT ya katikati ni juu ya 80, mkia wa mwisho uko chini ya 50. Foldseek inaleta vimeng'enya vya kukata protini vya viumbe tofauti tofauti, kurasa mbili. Nimepanga sambamba: kati ya asidi amino tatu za kazi, mbili zipo, ya tatu imebadilika. Niiteje? Kimeng'enya?

Foldi_Mtaani:

Kurasa mbili zote ni vimeng'enya vya kukata! Mwite kimeng'enya, unaogopa nini.

Kitunguu_Maji:

Usimwite. Mwaka 2009 kuna waliokagua familia 37 za vimeng'enya kwenye kanzidata kubwa. Swiss-Prot, inayopitiwa na watu, ilikuwa karibu haina kosa. Kwenye zile nyingine, familia 10 zilikuwa na majina ya uongo zaidi ya asilimia 80 katika angalau kanzidata moja. Yalianza hivi hivi, mmoja kaandika jina, wa pili kanakili, wa mia akaona wengi wamekubaliana. Wewe andika "protini inayotolewa nje, yenye umbo la familia ya kukata protini, huenda haikati", na kwenye safu ya ushahidi taja kila programu na toleo lake.

Na hiyo "huenda haikati" usiione hasara. Vimelea wana vimeng'enya vilivyopoteza makali vinavyotumika kushikilia protini za mwenyeji badala ya kuzikata. Hiyo nakuambia ndiyo ya kuweka juu ya orodha.

Kipepeo_wa_Data:

Na zile zitakazogoma kila mahali? Nina wasiwasi nitafika kwenye utetezi nusu ya jedwali ni tupu.

Chatu88:

Mwaka 2016 kuna waliotengeneza bakteria mwenye jenomu ndogo kupita kiasi, jeni 473 tu, wakiwa wameondoa kila kisichohitajika. Jeni 149 kati ya hizo hawakujua zinafanya nini, na bakteria aliishi na kuzaliana. Wale wana maabara na mabilioni. Safu tupu ziache tupu, weka programu ulizojaribu na zilivyojibu. Mtahini akikuuliza, mwonyeshe.

Faili la ile modeli nitumie kwa ujumbe wa faragha, nione kama hiyo 58 inapanda ukitoa zile IEA.

Mama_Ndama:

Mkipata ile isiyokata niambieni mnahitaji damu ya ng'ombe wa namna gani, wagonjwa kwangu hawakosekani msimu wa mvua.

Kipepeo_wa_Data:

Daktari nakutumia ujumbe sasa hivi. Msimamizi lazima apitishe kibali cha sampuli kwanza, ila hiyo ofa siiachii.