Tupeane uzoefu: kulea mtoto wa ndugu hapa Marekani na leseni ya malezi ya kambo

Mama Neema, Ohio

Ndugu zangu, salaam. Wengi wetu tulioko Marekani tumekutana na jambo hili la malezi ya kambo, yaani kulea mtoto ambaye serikali imemwondoa kwa wazazi wake na kumkabidhi kwa mlezi, lakini kila mmoja amelibeba kimya kimya kana kwamba ni aibu. Naanza mimi, nanyi mtaendelea.

Mwaka 2021, saa tano za usiku, nilipigiwa simu na afisa ustawi wa jamii akiniuliza kama ningeweza kuwapokea watoto wawili wa dada yangu. Niliwapokea usiku uleule. Hakuna aliyenieleza kwamba kupokea watoto ni jambo moja na kupewa leseni ya kuwalea ni jambo jingine, wala mimi sikujua la kuuliza; kwetu mtoto wa dada ni mwanangu, nami kwake ni mama mdogo, sasa leseni ya nini tena? Kwa miezi saba niliwalisha kwa mshahara wangu wa usafi wa hoteli na msaada mdogo wa fedha unaotolewa kwa familia maskini, ilhali mlezi asiye na undugu nao, mwenye leseni, angelipwa zaidi kwa watoto walewale.

Nilipoomba leseni, kikwazo kilikuwa vyumba. Nilikuwa na viwili tu, na mvulana na msichana wa umri wao hawakutakiwa kulala pamoja. Afisa mwingine, mtu wa busara, alinijulisha kwamba sheria ya shirikisho ya 2008 inaruhusu ndugu kusamehewa masharti yasiyogusa usalama wa mtoto, ila kila ombi huamuliwa peke yake. Niliandika barua, nikasamehewa. Ukaguzi wenyewe ulichukua nusu siku: mkaguzi alipima madirisha, akabonyeza king'ora cha moshi, akafungua kabati la dawa, kisha akakitazama chetezo changu cha udi kwa muda mrefu kuliko alivyonitazama mimi.

Lililotuchelewesha zaidi ni shemeji yangu, aliyekuwa akikaa kwetu kwa muda. Watu wazima wote wa nyumba huchukuliwa alama za vidole, na sheria ya 2006 inadai daftari la waliowahi kudhuru watoto lipekuliwe katika kila jimbo ambalo mtu huyo ameishi ndani ya miaka 5 iliyopita. Yeye alikuwa ameishi majimbo matatu.

Babu Mwinyi, Chicago

Mama Neema, pole na hongera. Mimi namlea mjukuu wangu, na kwa kuwa nina muda wa kusoma, nilitaka kujua ubaguzi huu wa posho ulianzia wapi. Nimekuta kwamba ulifika Mahakama ya Juu ya Marekani kutoka hapahapa Illinois. Dada mmoja na mumewe waliwachukua wadogo zake wawili. Jimbo likatoa takribani dola 63 kwa mwezi kwa kila mtoto, wakati kiwango cha mlezi asiye ndugu kilikuwa dola 105. Mwaka 1979 Mahakama iliamua kwamba undugu peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mlezi posho ya malezi ya kambo, mradi nyumba yake imetimiza masharti yaleyale.

Mtego umo katika hayo "masharti yaleyale", kwa sababu yaliandikwa kwa ajili ya mgeni anayejiandaa mwaka mzima kabla ya kupokea mtoto asiyemjua, si kwa ajili ya bibi anayeamshwa usiku. Tangu tarehe 27 Novemba 2023 kanuni ya shirikisho inayaruhusu majimbo kuwawekea ndugu masharti yao tofauti, na posho yao haipaswi kuwa pungufu ya ile ya walezi wengine. Neno ni "inaruhusu", haiyalazimishi. Kwa hiyo ulizeni, kwa maandishi, kama jimbo lenu limekwisha kuyaweka.

Kijana wa Nyarugusu, Michigan

Shikamooni wakubwa. Naomba niseme kwa upande wa mtoto, maana ninyi mnaizungumzia leseni kama mzigo wa mlezi tu.

Nililelewa katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na binamu wa baba, na sitasema mengi juu ya maisha hayo, isipokuwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kuniita pembeni na kuniuliza kama nimekula au kama nimepigwa. Nilipoletwa huku nikiwa na miaka 16, kupitia mpango wa watoto wakimbizi wasio na wazazi, niliwekwa katika nyumba yenye leseni, kwa watu ambao sikuwa nawaelewa hata salamu. Kila mwezi afisa alikuja, akaomba kuzungumza nami peke yangu, akasubiri nijibu. Mwanzoni nilidhani ananitega. Nawaheshimu mama wadogo na babu wa humu, lakini si kila ndugu ni kama ninyi.

Mama Neema, Ohio

Mwanangu, marahaba, na umenifunga mdomo mahali nilipostahili kufungwa.

Babu, naongeza jambo moja ambalo nililijua kwa kuchelewa. Anayetaka baadaye kuwa mlezi wa kisheria na kuendelea kupata posho ya shirikisho, mtoto lazima awe amekaa kwake miezi 6 mfululizo nyumba ikiwa tayari na leseni. Ile miezi saba yangu ya mwanzo haikuhesabiwa hata siku moja.

Sasa naomba msaada. Kuna mama wa hapa kwetu anayetaka kumchukua mjukuu wake, lakini mwanawe mkubwa anayekaa naye ana kosa la 2011 ambalo litaonekana kwenye alama za vidole. Hajui kama kijana ahame kabla ya kuomba, au aombe kwanza na kueleza. Aliyewahi kupita njia hiyo atuandikie.