Mafundi mnaopaka puti juu ya fremu iliyooza, mnatuibia!

Wakuu, hili limezidi sasa. Fremu ya mlango wa bafuni imeoza chini. Fundi anakuja, anakwangua kidogo, anajaza gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao, anapiga msasa, anapaka rangi ya mafuta, anachukua hela. Masika hayajaisha, rangi imevimba na puti limedondoka. Ukimpigia simu anakwambia mbao zako ndizo mbovu. Kazi yako ndiyo mbovu!

Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu inataka unyevu. Unyevu wa mbao ukishuka chini ya asilimia 20, kuvu inasimama. Ukipaka rangi ya mafuta mbao ikiwa bado na maji, umeyafungia ndani na uozo unaendelea kimyakimya. Wengine eti wanapiga dawa ya mchwa! Mchwa huacha udongo. Hapa hakuna udongo: mbao imegeuka kahawia, imepasuka vipande vya mraba, ukiifikicha inasagika. Oili chafu ndiyo balaa kabisa, maana haizami kwenye mbao yenye maji na rangi haishiki tena juu yake.

Fundi anayejua kazi huuliza kwanza maji yanatoka wapi. Mara nyingi mguu wa fremu ulizikwa kwenye zege kabla ya vigae kuwekwa, basi ile ncha iliyokatwa inanyonya maji kama utambi wa taa. Usipouondoa huo mguu, hata ubadilishe rangi kila mwaka, utarudi palepale.

Choma kwa bisibisi kuanzia chini ukipanda, mpaka igome kuzama. Pima sm 30 juu ya hapo ndipo ukate, kwa mshazari. Fremu iliyobaki ikwangue rangi, iache ikauke wiki mbili au tatu. Chemsha maji lita 10, koroga boraksi gramu 600 na asidi ya boriki gramu 400, paka kwa brashi mara tatu, hasa kwenye ncha. Vaa glavu, na watoto wakae mbali. Dawa hii ya kuua kuvu huoshwa na maji, kwa hiyo ikishakauka lazima rangi ifuate, pande zote pamoja na ncha ya chini, KABLA ya kufunga kipande kipya.

Kipande kipya kiwe cha mninga au mkongo, kile kiini cha rangi ya kahawia. Ule weupe wa pembeni huoza hata kama mti ni mninga. Unga kwa gundi isiyoyeyuka kwenye maji na skrubu zisizoshika kutu. Mguu usiguse kigae: acha sm 1 wazi, au uukalishe juu ya kisigino cha zege cha sm 10.

Fundi akigoma kukata mguu wa fremu, usimpe hata shilingi. Na nyie wauza fremu mnaopaka rangi kuficha weupe, halafu mnatoza bei ya mninga safi, tunawaona.