Watoto wapambe majalada ya madaftari kwa rangi gani?

Mama Neema, Moshi:
Heri ya mwaka mpya wapendwa. Wanangu wa darasa la pili na la nne wanarudi shule wiki ijayo. Kila Januari nafunika madaftari kwa kaki mwenyewe, wao wanaangalia. Safari hii nataka wayapambe wao, kila somo na picha yake. Ila baada ya ada na sare, hela ya rangi za maji haipo. Nitumie nini?

Mwalimu Mstaafu, Rau:
Mama Neema, rangi unazo jikoni. Chemsha choya kavu (yale maua mekundu ya rozela), kiganja kimoja kwa kikombe cha maji, mpaka iwe nyekundu nzito, uigawe vikombe vitatu. Kimoja kiache. Cha pili kamulia ndimu, wekundu utang'aa. Cha tatu tia magadi kwa ncha ya kijiko: inageuka zambarau, halafu buluu, ukizidisha inakimbilia kijani. Magadi tia wewe, yasiwaingie machoni, ila waache wakoroge. Hapo huyo wa darasa la nne atakuuliza maswali mpaka usiku. Manjano ya kupikia nayo yakikutana na magadi yanaiva wekundu wa udongo. Kahawa nzito itatosha kwa mashina ya migomba.

Usipake juu ya kaki, rangi hizi zitapotea. Watumie karatasi nyeupe isiyong'aa, kisha mbandike kwa uji mzito wa ngano.

Na tafuta kipande cha mshumaa mweupe! Mtoto achore theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa mshumaa, hakuna kitakachoonekana. Apitishe ile buluu karatasi nzima: nta inakataa maji, theluji inabaki nyeupe. Nimewafundisha wengi hivi, na darasa zima hupiga kelele palepale. Lakini kwanza uwatoe nje asubuhi kabla ya mawingu. Kutoka mjini Kibo iko kushoto, imeviringana. Mawenzi, kilele chake kingine, kulia, imechongoka. Watoto wetu huchora pembetatu moja yenye kofia nyeupe kwa kuiga picha za vitabuni, nami siridhiki nayo. Mtoto wa Moshi achore mlima anaouona. Mstari ukipinda, usimshike mkono.

Baba Junior, Arusha:
Shikamoo mwalimu. Nina mabaki ya rangi ya mafuta ya mlango. Mchoraji Tingatinga mwenyewe alianza mwaka 1968 na rangi za baiskeli, sivyo? Junior aitumie?

Mwalimu Mstaafu, Rau:
Marahaba baba. Ndivyo, lakini Tingatinga alipaka juu ya ubao. Kwenye daftari mafuta yatapenya hadi kurasa za ndani, na harufu yake si ya kukaa nayo chumbani. Kama una kipande cha ubao, shika brashi wewe, nje penye hewa, Junior akuelekeze mnyama anayemtaka.

Fundi Cherehani, Majengo:
Mama Neema, pitia kwa fundi yeyote jioni kabla hajafagia, umwombe vipande vya vitenge. Wakate samaki, maua, namba za Hisabati, wabandike kwa uji huohuo. Kitambaa kisiwe kinene, daftari litakataa kufunga.

Mama Neema, Moshi:
Asanteni sana. Mwalimu, manjano hayatachafua shati jeupe la shule?

Mwalimu Mstaafu, Rau:
Yatachafua, na doa lake ni gumu. Wavae nguo kuukuu wakati wa kupaka. Majalada yaanikeni kivulini, maana manjano hupauka juani, na yakishakauka kabisa sugua mshumaa juu yake, halafu ufunike kwa nailoni. Anzeni Jumamosi, yapate siku ya kukauka.