Mjadala: Uchafu ukishuka kutoka jimbo la jirani, nani wa kuuzuia?

Mwanzisha mada, Baltimore:

Wadau, salamu. Mimi naishi Maryland, Marekani, mwaka wa kumi na tatu sasa. Kila kiangazi huwa tunakwenda na wanangu gatini kuvua kaa, kwa kamba na shingo za kuku. Zipo siku za Julai na Agosti ambapo kaa hupanda wenyewe kwenye nguzo za gati hadi usawa wa maji, mtoto akawachota kwa wavu bila chambo. Mara ya kwanza nilishangilia. Mzee mmoja aliyekuwa anavua kando yangu akaniambia: "Usishangilie, hao wanakimbia. Huko chini hewa imekwisha."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifuatilia habari za Ghuba ya Chesapeake, hiyo tunayovua kaa, na kinachonikera si samadi wala maji taka pekee. Ni jinsi serikali zinavyoshughulikia.

Nieleze kwa ufupi kwa wasioifahamu. Nitrojeni na fosforasi za mbolea, samadi na vyoo huingia mitoni na kulisha mwani. Mwani ukifa huoza, na kuoza kwake hula oksijeni iliyo majini. Ghuba yenyewe ina kina cha mita sita na kidogo kwa wastani, lakini inapokea maji ya eneo la kilomita za mraba 166,000 hivi: majimbo sita (New York, Pennsylvania, Maryland, Delaware, Virginia na West Virginia) pamoja na jiji la Washington. Karibu nusu ya maji matamu yote huletwa na mto mmoja, Susquehanna, na sehemu kubwa ya bonde la mto huo iko Pennsylvania. Nayo Pennsylvania haina hata hatua moja ya ufuko kwenye ghuba. Gavana wao hapigiwi kura na mvuvi yeyote wa hapa.

Ushirikiano haujakosekana. Mwaka 1983 Maryland, Virginia, Pennsylvania, jiji la Washington na EPA, lile shirika la serikali kuu la kulinda mazingira, waliweka saini. Mwaka 1987 wakaahidi kupunguza hiyo nitrojeni na fosforasi kwa asilimia 40 ifikapo 2000. Tarehe ikapita. Wakasaini tena, safari hii mwisho ukawa 2010. Nayo ikapita. Kamati zilikuwepo, wataalamu walikuwepo, vipimo vilikuwepo. Hakuwepo wa kuliambia jimbo: usipotekeleza, hiki ndicho kitakachokupata.

Tarehe 29 Desemba 2010 EPA ikaweka kikomo: nitrojeni isizidi kilo milioni 84 hivi kwa mwaka kwa bonde zima, kila jimbo na fungu lake, na hatua zote ziwe zimekamilika 2025. Jimbo linaandika mpango wake lenyewe, EPA inaukagua. Shirikisho la wakulima, American Farm Bureau Federation, likaenda mahakamani, likiungwa mkono na majimbo 21, mengi yakiwa mbali kabisa na ghuba hii. Waliogopa kwamba leo ni Chesapeake, kesho ni bonde la mto Mississippi. Walishindwa mahakama ya rufaa mwaka 2015, na mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya nchi ikakataa kuisikiliza kesi.

Basi 2025 imekuja na malengo hayajafikiwa, Pennsylvania ikiwa nyuma zaidi. Mwaka 2020 Maryland, Virginia, Delaware na jiji la Washington ziliishtaki EPA kwa kutoibana Pennsylvania, wakamalizana kwa makubaliano mwaka 2023. Yaani majimbo yalilazimika kuishtaki serikali kuu ili ifanye kazi yake!

Msimamo wangu: maji yakivuka mpaka wa jimbo, serikali kuu iwe na neno la mwisho, na ilitumie. Nakaribisha hoja.

Mchangiaji, Lancaster:

Ndugu yangu wa Baltimore, sisi ndio hao jirani zako wa juu. Hapa Lancaster, Pennsylvania, tuko Wakongo wengi tuliokuja kama wakimbizi, na mimi nimefanya kazi miaka minne kwenye shamba la maziwa. Bosi ni Mwaamishi, wale Wakristo wanaoepuka mashine nyingi za kisasa, analima kwa farasi na nyumbu, ana ng'ombe hamsini na kitu. Bei ya maziwa hapangi yeye. Samadi haingoji, tangi likijaa Februari, inamwagwa shambani hata kama ardhi imeganda, na theluji ikiyeyuka yote inaenda kijitoni. Anajua ni vibaya. Tangi kubwa la zege ni pesa ambayo hana.

Ukimtumia karatasi ya faini kutoka Washington, unadhani atajenga tangi? Atauza ng'ombe, na shamba litakuwa nyumba na maegesho ya magari. Mtu aliyemshawishi aweke uzio ng'ombe wasiingie kijitoni hakuwa ofisa wa Washington. Alikuwa kijana wa ofisi ya hifadhi ya udongo ya kaunti, mtu anayejua babu wa huyu na shemeji wa yule. Alikuja mara tano kabla ya kukaribishwa ndani.

Halafu sheria ya maji safi ya 1972, ambayo ndiyo inayoipa EPA nguvu hizo unazozitegemea, inashika mabomba: kiwanda, mtambo wa maji taka, mifugo ya kiwango kikubwa. Mvua ikiosha shamba la kawaida, sheria hiyo haimgusi mkulima. Nyundo yako inaishia getini.

Na nyinyi mnajua kwamba Machi 2022 jimbo la Maryland lilituma watu wake kuchukua mtambo wa maji taka wa Back River, hapohapo Baltimore, kwa sababu ulikuwa unamwaga uchafu kupita kibali chake? Mto Back River hauanzii Pennsylvania.

Mchangiaji, kaskazini mwa Virginia:

Mimi swali langu ni moja: neno la mwisho la nani? Mwaka 2017 bajeti iliyotoka Ikulu ilitaka kufuta kabisa fedha za mpango wa Chesapeake, dola milioni 73 hivi kwa mwaka. Bunge ndilo lililokataa, wabunge wa vyama vyote viwili wa majimbo haya wakiwa mbele. Ukiweka kila kitu mikononi mwa Washington, unakiweka kwenye uchaguzi wa kila miaka minne. Maryland haikungoja mtu: kwa sheria yake ya 2004 kila nyumba inalipa ada ya kuboresha mitambo ya maji taka, ilianza dola mbili na nusu kwa mwezi. Na hiyo ndiyo kazi iliyofanikiwa kuliko zote katika habari hii nzima, mitambo ya maji taka.

Ila kwenye hewa nakubaliana na mwanzisha mada. Sehemu kubwa ya nitrojeni ilikuwa inadondoka kutoka angani, moshi wa magari na wa mitambo ya umeme, mingine ikiwa nje kabisa ya bonde. Gavana gani angeizuia? Sheria ya hewa safi ya nchi nzima ndiyo iliyoipunguza.

Mchangiaji, Mwanza:

Nasoma nikiwaza Ziwa Victoria. Kagera, mto mkubwa kuliko yote unaoingia ziwani, unakusanya maji ya Burundi na Rwanda, nchi ambazo hazina ufuko wa ziwa hili. Udongo na mbolea vinashuka, magugumaji tunayavuna sisi. Tuna Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, makao yake Kisumu, chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini haina meno ya kuibana nchi. Nyinyi mna serikali moja juu ya majimbo yote na bado mnahangaika. Ndugu wa Lancaster, nakuheshimu, ila mvuvi wa hapa naye hapangi bei ya sangara.

Mwanzisha mada, Baltimore:

Back River sina utetezi. Niliinusa mwenyewe. Kuwanyooshea kidole wa juu huku mtambo wetu ukivuja ni aibu, na ni haki yako kunikumbusha.

Kuhusu nyundo kuishia getini, ni kweli nusu. EPA haiwezi kumwandikia faini bosi wako kwa sababu ya mvua, lakini inaweza kupinga vibali vya mitambo ya miji ya jimbo lake, kupanua masharti ya vibali yafikie mifugo midogo zaidi, na kubadili namna ruzuku zinavyotolewa. Jimbo likibanwa kwenye miji yake, litapata sababu ya kuwakumbuka wakulima wake. Mwaka 2022 Pennsylvania ilianzisha mfuko wa vijito safi wa dola milioni 220, fedha zikitoka Washington, sehemu kubwa ikigawiwa kwa mashamba kupitia ofisi zilezile za kaunti unazozisifu. Siamini kwamba bunge lao lingemkumbuka mkulima mwaka huo bila kesi ya 2020 kuwa mahakamani.

Kwa hiyo narekebisha msimamo: amri na fedha zitoke Washington katika barua moja, na mpeleka barua awe yule kijana wa kaunti. Amri bila fedha itamuua bosi wako. Fedha bila amri, tumeshaziona tangu 1983.

Wa Virginia, hofu yako ya uchaguzi naichukua kwa uzito. Ndiyo maana nataka kikomo kiwe kwenye sheria ya Bunge lenyewe, si kwenye uamuzi wa shirika ambao mkurugenzi ajaye anaweza kuulegeza.

Wa Lancaster, nikuulize: tangi lilijengwa?

Mchangiaji, Lancaster:

Lilijengwa Oktoba iliyopita. Jimbo lililipa sehemu kubwa, yeye akauza mitamba watatu kulipa iliyobaki. Februari hii hatukumwaga kitu. Shamba la jirani bado wako kwenye orodha ya kusubiri, mwaka wa pili sasa, na ng'ombe wao wanakunywa maji ya kijito kilekile, juu yetu.