Dataproducts walikuwa watu wa printa au wa diski?

kisu_butu: Wakuu habari zenu, kila nikisoma mambo ya kompyuta za zamani nakutana na hili jina Dataproducts, huyu anasema walitengeneza printa yule anasema diski, anayewajua vizuri atumwagie basi.

Mzee wa Nyaya: Vyote mkuu. Ilianza 1962 kule California, Erwin Tomash na wenzake walichukua kitengo cha diski na printa cha kampuni ya Telex. Na usifikirie diski za mfukoni, sahani moja ilikuwa pana kama sinia la pilau la harusi 😂 Ila kilichowaweka mjini ni printa.

mama_toner: Enhee, zile za kuchapa mstari mzima kwa mpigo. Ndani kuna pipa la chuma limejaa herufi linazunguka muda wote, na kila safu ina nyundo yake, herufi ikifika mahali pake nyundo inaipigia karatasi na wino papo hapo, sasa nyundo ikichelewa kidogo tu mstari unatoka herufi moja juu nyingine chini kama mlevi kaandika. Kelele zake sasa, usiombe.

kisu_butu: Mbona jina halivumi?

Mzee wa Nyaya: Waliwauzia watengeneza kompyuta, mfano DEC, nao wanabandika nembo yao, mteja atajulia wapi? Mwisho 1990 Hitachi Koki ya Japani ikainunua. Tomash mwenyewe ndo alianzisha Charles Babbage Institute, wale wanaotunza historia ya kompyuta.